Kutoka Coco Beach hadi Muhimbili: Kilomita tano kwa ajili ya moyo wa mtoto

Saa 12 asubuhi Coco Beach bado si ile Coco ya mihogo na mishikaki. Majiko yamezimwa, viti vya plastiki vimerundikwa kimoja juu ya kingine na bahari imekupwa hadi mawe yanaonekana. Wanaokutana hapa saa hizi siku ya Jumamosi ni vikundi vya jogingi, vinavyopita vikiimba na kupiga makofi kuelekea Masaki.

Siku ya matembezi ya hisani umati huwa mkubwa zaidi. Kirikuu kimebeba spika, mwalimu wa mazoezi anahesabu kwa kipaza sauti na barabara yote imejaa fulana nyeupe zenye moyo mwekundu mgongoni. Wapo akina mama waliovaa fulana juu ya dera, vijana wa vyuo wanaopiga picha kabla hawajatoka jasho, na watoto ambao fulana zimewafika magotini.

Safari ya asubuhi hiyo ilikuwa ya kuchangia matibabu ya watoto wanaotibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), iliyo ndani ya eneo la Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga. Kutoka ufukweni hadi huko ni kama kilomita tano kwa njia tuliyopita. Mtu mzima mwenye afya anaitembea kwa saa moja na ushei.

Jijini Dar es Salaam matembezi na mbio za aina hii zimekuwa sehemu ya kalenda. Mbio za CRDB Bank Marathon, zilizoanza mwaka 2020, zimechangia matibabu ya moyo kwa watoto wa JKCI. Kwa jirani zetu wa Nairobi, Mater Heart Run imekuwa ikiwatoa watu barabarani kwa ajili ya watoto wenye ugonjwa wa moyo tangu miaka ya 1990. Na tangu 2002 wapandaji wa GGM Kili Challenge wamekuwa wakipanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi.

Kwa hiyo watu wanajua kutoa. Swali nililotoka nalo nyumbani ni jingine: fedha hiyo ikifika hospitalini, inamkuta mtoto akiwa katika hali gani?

Bahari kushoto, mikoko kulia

Tulianza taratibu. Jua lilikuwa limeshatoka baharini lakini halijawa kali, na upepo wa asubuhi ulikuwa upande wetu. Baada ya nyumba na miti ya Oysterbay, barabara inajifungua ghafla na unajikuta juu ya maji.

Hili ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na limepita baharini kuunganisha upande wa Coco Beach na upande wa Hospitali ya Aga Khan. Kabla yake, watu wa Oysterbay, Masaki na Kinondoni waliokwenda mjini walibanana kwenye Daraja la Selander, ambalo bado unaliona kwa mbali upande wa kulia, mahali Mto Msimbazi unapokutana na bahari na mikoko inaposimama kwenye tope.

Anayewahi kumkimbiza mtoto hospitalini usiku anajua thamani ya daraja. Dakika 20 zilizookolewa kwenye foleni si jambo dogo. Juu ya daraja hilo nilitembea sambamba na baba mmoja kutoka Mbagala aliyembeba binti yake wa miaka mitatu mabegani. Mtoto alikuwa ameshika nywele za baba yake kama usukani na kumhimiza awapite watu wa mbele.

Baba huyo alinieleza kwamba binti yake alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipokuwa na miezi mitano, mama yake alimpeleka kliniki kama kawaida, kupima uzito na kupata chanjo. Muuguzi alitazama kadi, akaona mstari wa uzito umelala kwa miezi miwili. Hakuishia kumwambia mama amnyonyeshe zaidi. Alimwomba amnyonyeshe pale pale, akaangalia. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akahema, paji la uso likalowa jasho. Muuguzi akamwita daktari, daktari akasikiliza kifua, na siku hiyo hiyo wakaandikiwa rufaa.

"Kaka, mlilipaje?" nilimuuliza.

Alicheka kidogo. Alisema waliuza pikipiki, ndugu wakachanga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na sehemu iliyobaki ikalipwa na wafadhili asiowajua. Ndiyo maana kila akisikia matembezi ya moyo anakuja na mtoto, ili waliotoa wamwone akiwa juu ya mabega badala ya kumwona kwenye bango.

Nilitaka kumwuliza zaidi lakini binti alikuwa ameshachoka na mazungumzo yetu. Baba akaongeza mwendo.

Mji uliojengewa hospitali kwa hisani

Ukimaliza daraja unakutana na Hospitali ya Aga Khan, na mbele yako inanyooka Barabara ya Barack Obama, ambayo wakongwe bado wanaiita Ocean Road. Ukiifuata ufuko wa bahari utafika kwenye majengo meupe ya zamani yenye vibaraza na matao, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wajerumani waliyajenga mwaka 1897, yakitazama bahari ili wagonjwa wapate upepo. Wagonjwa hao walikuwa Wazungu.

Waafrika na Waasia walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyotokana na fedha za mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Sewa Haji Paroo. Alitajirika kwa biashara ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, na sehemu ya mali yake akaiacha kwa shule na hospitali. Alifariki mwaka 1897, mwaka ule ule Wajerumani walipojenga Ocean Road. Hospitali ya jina lake iliwahudumia watu wa mji huu kwa miongo mingi, hadi ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret kule Upanga mwaka 1956. Baada ya Uhuru, Princess Margaret ikaitwa Muhimbili.

Jina la Sewa Haji halikupotea. Ukiingia Muhimbili leo na kuulizia wodi, utaelekezwa Mwaisela, Kibasila au Sewa Haji. Maelfu ya watu wamelazwa katika jengo hilo bila kujua kwamba jina lake ni la mtu aliyetoa mchango.

Nalitaja hili kwa sababu kila yanapofanyika matembezi ya hisani hutokea mtu wa kusema kuwa kuchangia hospitali ni mambo ya kuiga nje, na kwamba kazi hiyo ni ya Serikali peke yake. Serikali ina wajibu wake, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 inaufanya wajibu huo uandikwe. Lakini katika mji huu hisani ilikuwapo tangu siku za mwanzo za hospitali, na haikusubiri fulana wala spika.

Sisi hatukuendelea na njia ya bahari. Tulikata kulia kuingia Upanga, tukavuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi ambako askari wa usalama barabarani alisimamisha magari kwa mkono mmoja na kutupungia kwa mwingine, kisha tukashika Barabara ya Umoja wa Mataifa. Huu ni mtaa wa maghorofa ya familia na wa shule zenye majina makubwa: Tambaza, Azania, Jangwani. Ni pia mtaa wa maduka ya dawa. Kadiri unavyokaribia Muhimbili ndivyo yanavyosogeleana, yakifuatiwa na wauza matunda, wauza maji na vijana wa bajaji.

Nje ya geti

Matembezi yenyewe yaliishia uwanjani, ambako kulikuwa na hotuba, hundi kubwa ya mfano na meza ya kuchangia damu. Baada ya hapo wengi walirudi nyumbani. Mimi nilivuka kwenda Muhimbili, kwa sababu kazi yangu ni kuripoti afya na nilitaka kuiona njia hiyo hadi mwisho.

Nje ya geti la Muhimbili watu wameketi na vyombo vya chakula wakisubiri muda wa kuona wagonjwa. Ukiwasikiliza unaisikia ramani nzima ya nchi. Huyu ana lafudhi ya Kanda ya Ziwa, yule wa Lindi, wale wawili wanaongea Kinyakyusa kwa sauti ya chini.

Jengo la JKCI liko ndani. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 JKCI ikawa taasisi inayojitegemea, ikifanya kazi katika jengo lililojengwa kwa ushirikiano na Serikali ya China. Kabla ya hapo, mtoto aliyehitaji upasuaji wa moyo alitafutiwa safari ya nje, mara nyingi India. Foleni ya safari ilikuwa ndefu na wengine hawakuifikia zamu yao.

Leo watoto wanatibiwa hapa kwa njia mbili ambazo mzazi anapaswa kuzijua kwa majina. Ya kwanza ni upasuaji wa kufungua kifua, ambapo mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anarekebisha moyo. Ya pili ni upasuaji wa tundu dogo, ambapo daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, kwa kawaida kutokea pajani, hadi kwenye moyo, na kuziba au kupanua panapohitajika bila kufungua kifua. Si kila mtoto anafaa kwa njia ya pili. Aina ya tatizo ndiyo inayoamua.

Kuna pia kambi maalumu, ambapo madaktari wa JKCI hushirikiana na wenzao kutoka nje, kama Save a Child's Heart ya Israel na Open Heart International ya Australia. Katika kambi watoto wengi hutibiwa kwa siku chache, na madaktari wetu hupata ujuzi zaidi.

Kwenye benchi la nje nilikaa na mama aliyetoka Mkoa wa Rukwa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mwanawe ana miaka minne na uzito wake ni wa mtoto wa miwili. Tulizungumza muda mrefu, maana alikuwa na muda mwingi na mtu wa kuzungumza naye hakuwapo.

Mtoto huyo alitibiwa nimonia mara nne kabla hajatimiza mwaka na nusu. Kila mara alipewa dawa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Majirani walisema ni jicho baya. Mama mkwe akashauri apelekwe kwa mganga, na akapelekwa. Mwaka huu, katika zahanati nyingine, daktari kijana aliyekuwa ameanza kazi karibuni alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko alivyozoea mama huyo, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumwambia habari za moyo. Hakuna aliyewahi.

Hapa Dar wamempima kwa eko, kile kipimo cha kuutazama moyo ukifanya kazi kwenye skrini, na wameliona tundu. Ni kubwa. Sasa wanasubiri kipimo kingine cha kujua mapafu yameumia kiasi gani, ndipo waambiwe kama tundu hilo linaweza kuzibwa.

"Dada, fedha wamesema ipo," aliniambia. "Wafadhili wapo. Wamesema tusali mapafu yawe mazuri."

Muda hauchangishwi

Sentensi hiyo ya mama wa Rukwa ndiyo jibu la swali nililotoka nalo nyumbani, na inafaa ieleweke vizuri kwa sababu matangazo ya matembezi huwa hayaifikii.

Takriban mtoto mmoja kati ya 100 wanaozaliwa duniani huja na hitilafu ya moyo. Nyingine ni ndogo na hujirekebisha zenyewe. Nyingine zinahitaji tiba. Mojawapo ya zinazojulikana sana ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vikubwa vya chini vya moyo.

Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu kwa nguvu, maana unaipeleka mwili mzima. Upande wa kulia husukuma polepole, maana unaipeleka kwenye mapafu tu. Ukuta ukiwa na tundu kubwa, damu ya kushoto hurukia kulia na kumiminika kwenye mapafu kwa wingi na kwa nguvu ambayo hayakuumbiwa. Ndiyo maana mtoto anahema, anapata nimonia mara kwa mara na haongezeki uzito. Nguvu zake zote zinaishia kwenye kupumua.

Mishipa ya mapafu nayo hujilinda. Inakuwa minene na migumu. Kwa muda fulani mtoto anaweza hata kuonekana ana nafuu, nimonia zikapungua, na wazazi wakashukuru. Kumbe mishipa imeanza kufunga. Ikifikia hatua fulani, damu hugeuza njia: ile isiyo na oksijeni inapita kwenye tundu kwenda mwilini na mtoto anaanza kuwa wa bluu. Hapo kuziba tundu kunaweza kumuua badala ya kumponya. Kwa matundu makubwa, uharibifu huu huanza katika miaka ya mwanzo ya maisha.

Tofauti kati ya binti wa Mbagala na mtoto wa Rukwa kwa hiyo haikuwa fedha peke yake. Mmoja alitambuliwa akiwa na miezi mitano, mwingine akiwa na miaka minne. Wafadhili wanaweza kulipia chumba cha upasuaji, mashine, dawa na wodi ya uangalizi maalumu. Hawawezi kumrudishia mtoto miaka mitatu.

Ndiyo maana huduma ya tiba mkoba, ambapo wataalamu wa JKCI huenda mikoani kupima watu huko huko waliko, ina uzito sawa na upasuaji. Hospitali kubwa za kanda pia, kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Benjamin Mkapa ya Dodoma, ni mahali mtoto anapoweza kuonwa na wataalamu bila kusubiri safari ya Dar. Na ndiyo maana yule muuguzi wa kliniki, aliyetazama mstari wa uzito kwenye kadi, alifanya kazi ambayo hundi kubwa ya uwanjani haiwezi kuifanya.

Kuna upande mwingine wa magonjwa ya moyo ambao mtoto hazaliwi nao. Mtoto wa shule anapata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria, hayatibiwi au dozi inaachwa njiani, na wiki chache baadaye anapata homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Ugonjwa huu unaweza kuharibu milango ya moyo kwa kudumu. Kinga yake ni kutibu koo mapema kwa penisilini na kumaliza dozi. Aliyewahi kuugua huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka, ili usirudi. Sindano hiyo ni nafuu mno ukilinganisha na kubadilisha mlango wa moyo.

Fulana yako inakwenda wapi

Ukiamua kushiriki matembezi ya hisani, uliza maswali. Mwandaaji mwaminifu hakasiriki akiulizwa.

Kwanza, fedha inalipwa wapi? Hospitali za umma hupokea malipo kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wa Serikali. Kama fedha inakwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, omba maelezo na barua ya hospitali inayothibitisha kwamba inayatambua matembezi hayo.

Pili, fulana imegharimu kiasi gani? Tuchukue mfano. Ukilipa Sh30,000, na fulana, medali na maji vimegharimu Sh18,000, kilichobaki kwa mtoto ni Sh12,000. Kama wadhamini wamelipia fulana, Sh30,000 yako yote inafika. Tofauti hiyo ni kubwa, na una haki ya kuijua.

Tatu, mchango utalipia nini hasa? Upasuaji ni sehemu moja. Familia inayotoka mbali inahitaji nauli, chakula na mahali pa kulala kwa wiki kadhaa, na wakati huo huo shamba au genge la nyumbani limefungwa. Mfuko unaokumbuka nauli ya mama humfikisha mtoto mapema.

Nne, taarifa itatolewa lini? Watoto wangapi wametibiwa, kiasi gani kimetumika, kiasi gani kimebaki. Hayo yasemwe hadharani kama yalivyosemwa matangazo.

La tano ni la heshima. Picha ya mtoto mgonjwa ikitumika kwenye bango, je, wazazi waliridhia? Mtoto huyo atakua, atakwenda shule, na picha itabaki mtandaoni.

Kama huna fedha, meza ya damu haikuhitaji uwe nazo. Upasuaji wa moyo unahitaji damu, na chupa moja inaweza kuwa ndiyo inayosubiriwa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unaruhusu mwanamume mwenye afya kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne.

Ukitaka kutembea na watoto

Wazazi wengi huuliza kama inafaa kwenda na watoto. Inafaa, ukijipanga. Mtoto wa miaka sita hadi minane anaweza kilomita mbili au tatu bila shida, na matembezi mengi yana njia fupi. Anza mapema, maana ikifika saa tatu jua la Dar halina mchezo. Beba maji na kofia, mvalishe viatu alivyokwisha vizoea, na mpe uji au chai na kiazi kabla ya kutoka. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wake kwa kalamu ya wino. Kwenye umati wa watu waliovaa fulana moja, mtoto hupotea haraka.

Mweleze pia mnatembea kwa nini. Mtoto akijua kuwa kuna mwenzake anayechoka kwa kunyonya tu, au anayechuchumaa kila akikimbia hatua chache, hatamcheka darasani.

Unachoweza kufanya leo usiku

Huhitaji kusubiri matembezi yajayo. Mtazame mtoto wako akinyonya. Je, anaachia kila mara ili ahema? Anatoka jasho jingi kwenye paji la uso bila joto? Tazama midomo, ulimi na kucha zake penye mwanga wa kutosha: kuna ubluu? Chukua kadi ya kliniki na ufuate mstari wa uzito kwa kidole. Unapanda, au umelala? Na je, ametibiwa nimonia zaidi ya mara moja mwaka huu? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya haya, au ukikuta mstari umelala, mwambie daktari neno moja waziwazi: moyo. Mwombe amsikilize kifua. Ukiona ubluu kwenye midomo au ulimi, nenda sasa hivi.

Kisha subiri mtoto alale. Fungua saa kwenye simu hiyo unayosomea, vua au pandisha nguo yake ya juu, na uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili hadi mwaka, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi.

Ukipata namba hizo, ukarudia kuhesabu ukazipata tena, mpeleke mtoto kituo cha afya. Usisubiri Jumatatu.